Kwa Nini "Umekula?" ya Mtwara Haifanani na ya Dar

Mpwa wangu alizaliwa Ligula, akakulia Chikongola, akasoma hapahapa Mtwara Mjini mpaka kidato cha sita. Kimakonde hakijui. Wazee wakiongea anaokota jina la chakula na tusi moja mawili, basi. Alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni Dar es Salaam alimpigia simu mwanafunzi mwenzake kwa namba mpya, akauliza neno moja tu: "Umekula?" Upande wa pili kikasikika kicheko: "We Mmakonde, namba yangu umeitoa wapi?"

Jioni akanipigia mimi. "Mjomba, nimesema neno moja la Kiswahili, tena fasaha. Huo Umakonde kausikia wapi?"

Hilo ni swali la maana kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Watu wanaotuigiza sisi wa Kusini huanzia kwenye konsonanti: "ntu" badala ya mtu, "ntoto" badala ya mtoto, hata mji wenyewe wanautaja "Ntwara". Sasa litazame neno "umekula". Halina mahali pa kumponza mtu, kwani hakuna "m" iliyobanwa na konsonanti nyingine ili igeuke "n". Ukiliandika, la Mtwara na la Dar ni lilelile, herufi kwa herufi. Kilichomtaja kabila lake ni kiimbo, na lugha yenyewe ya kabila hilo hajui kuiongea.

Kiimbo tulifundishwa sekondari kwa sentensi moja, "kupanda na kushuka kwa mawimbi ya sauti", kisha tukakariri aina zake: cha maelezo, cha maswali, cha amri, cha mshangao. Alama nne za mtihani zikapatikana na daftari likafungwa. Hakuna aliyetuuliza kinapanda wapi, kinashuka kwa kasi gani, wala kwa nini cha Newala hakipandi panapopanda cha Kariakoo. Kana kwamba Kiswahili kina wimbo mmoja uliogawiwa nchi nzima kama mbolea ya ruzuku.

Ninavyoona mimi, kiimbo cha Kusini kinachohesabiwa kuwa Kiswahili kilichoharibika ni kitu chenye mpangilio wake, kilichozaliwa watu walipoishi na lugha mbili katika kinywa kimoja kwa vizazi. Na kikishazaliwa hakiihitaji tena lugha iliyokizaa. Mtoto anaweza kuurithi wimbo bila kurithi maneno.

Tuanze na lugha zenyewe. Kiswahili ni cha ajabu kidogo katika ukoo wa Kibantu, kwa sababu kimepoteza toni. Lugha nyingi za ukoo huu hutumia kidatu cha sauti, yaani ujuu na uchini wake, kutenganisha maneno au nyakati za kitenzi. Kiswahili kimebaki na mkazo, nao karibu siku zote unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mfano wa mwalimu wa siku zote ni barabara: ukikaza "ba" ya pili umepata njia ya magari, ukikaza "ra" ya kwanza umepata "sawasawa". Mifano ya namna hiyo ni ya kuhesabu kwa vidole.

Ukipanda uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, mambo yanabadilika. Kimakonde, au Chimakonde kama wenyewe wanavyokiita, kina toni. Kiyao na Kimakua cha upande wa Masasi vinayo pia. Kaskazini ya Lindi, kwenye vilima vya Kilwa, Kimatumbi kina toni za kuwatoa jasho wanaisimu. David Odden amekiandikia kitabu kizima. Anayezungumza lugha hizi anaifanyisha sauti yake kazi mbili kwa wakati mmoja: iseme ni neno gani, na iseme ni swali au maelezo. Kwa hiyo hana uhuru wa kuipandisha na kuishusha apendavyo, maana akipandisha mahali pasipo pake huenda kasema wakati mwingine wa kitenzi.

Kimakonde kina tabia nyingine ninayodhani ndiyo iliyompata mpwa wangu. Katika lugha hiyo, irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho wa kirai hurefushwa. Si ya kila neno. Ni ya neno lile linalofunga kipande cha usemi. Hapo irabu inavutika, na juu ya urefu huo toni inapata nafasi ya kucheza, ikapanda, ikashuka, au ikafanya yote mawili ndani ya irabu ileile.

Sasa weka lugha hizi mbili pamoja. Kiswahili kinasema kaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kimakonde kinasema vuta silabi ya pili kutoka mwisho. Ni kiti kimoja kinachokaliwa na wenyeji wawili. Babu yangu aliposhuka kutoka uwandani kutafuta kazi na kukuta Kiswahili, masikio yake yalisikia uzito ukianguka mahali alipopazoea, akajiambia hii naijua. Akaja na mvuto wake wote. "Umekuula?" Sauti inapanda mapema ndani ya hiyo "u" ndefu, inazunguka, na kabla ya "la" imeshaanza kurudi chini. Huko Dar, kwa masikio yangu, irabu hiyo ni fupi, na sauti haina nafasi ya kuzunguka.

Ndiyo maana wimbo huu haukufa. Tofauti iliyo kubwa huonekana, na ikionekana hukosolewa. Mwalimu wa darasa la kwanza alipomsikia mtoto akisema "ntoto" alimsimamisha mbele ya wenzake mpaka "m" itoke. Lakini irabu iliyovutwa kidogo kuzidi, mahali ambapo hata Kiswahili chenyewe kinaelemea, mwalimu gani angeishika? Zaidi ya hapo, mwalimu mwenyewe alikuwa ametoka Nanyamba.

Nami sisemi kwamba mpwa wangu aliongea Kimakonde kwa maneno ya Kiswahili. Hapo ndipo wachekeshaji wanapokosea, na ndiyo sababu maigizo yao hayatuchekeshi sisi wenyewe. Wanachukua mvuto na kuubandika kila neno, wakati kwetu unakaa mwisho wa kipande cha usemi tu. Msikilize muuza korosho pale stendi ya Mkanaledi akisema, "Mama, chukua hizi za mia tano, zimekaangwa leo asubuhi." Sentensi inakimbia kawaida kabisa mpaka "mia tano", hapo inavutika kidogo, halafu inakimbia tena, kisha inalala kwenye "asubuuhi". Mvuto ule unafanya kazi ya koma na nukta, na msikilizaji anajua wapi pa kuingilia kati na kuomba apunguziwe.

Mzigo mzito zaidi uko kwenye maswali. Kiswahili kinaruhusu kuuliza bila kubadili neno hata moja. "Amekuja" ni habari, "Amekuja?" ni swali, na "je" unaweza kuiacha kabatini mwaka mzima. Maana yake ni kwamba sauti peke yake ndiyo inayobeba tofauti. Mahali hapo ndipo mgeni na mwenyeji wanapoachana. Nimeshuhudia mara kadhaa kondakta wa daladala akimwambia abiria mgeni, "Unashuka Mbae," kwa sauti iliyopanda na kurudi, na mgeni akajibu kwa hasira, "Nani kakwambia?" Kondakta alikuwa anauliza. Masikio ya mgeni yalisubiri sauti ibaki juu mpaka mwisho, haikubaki, akaona anaamuliwa safari yake.

Vitabu vyetu vinasema swali hupanda. Si kweli kwa dunia nzima, na kwa lugha nyingi za Afrika si kweli kabisa. Mwanaisimu Mfaransa Annette Rialland alichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa maswali katika lugha za bara hili, akaonyesha kwamba zipo nyingi, hasa katika ukanda wa Sudani unaotoka Afrika Magharibi kuelekea mashariki, ambazo swali lake halipandi mwishoni kabisa. Linashuka, au irabu ya mwisho inarefuka, au pumzi inalegea. Na katika lugha nyingi za Kibantu zenye toni, sauti ambayo kwa kawaida huteremka ngazi kwa ngazi kadiri sentensi inavyosonga huzuiwa isiteremke mtu anapouliza. Swali linatambulika kwa sentensi nzima kukaa juu kidogo, na mkia hauna habari. Aliyelelewa na wasikilizaji wa namna hiyo haoni kwa nini amalizie swali kwa kupaza sauti kama anayeita mbuzi.

Haya hayakuanza kwetu. Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, ulipokea Waitaliano wengi mno mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wajukuu wao leo wanazungumza Kihispania, na Kiitaliano wengi wao hawakijui zaidi ya majina ya vyakula, mfano kamili wa mpwa wangu. Mwaka 2004 Laura Colantoni na Jorge Gurlekian walipima sauti za watu wa mji huo wakakuta kilele cha sauti katika silabi yenye mkazo kinakuja mapema kuliko katika Kihispania cha kwingine, na mwisho wa sentensi unaporomoka kwa kasi. Vyote viwili vinafanana na Kiitaliano.

Mfano wa Krete unanishangaza zaidi. Kisiwa hicho cha Ugiriki kilitawaliwa na Venice kuanzia 1211 mpaka 1669. Wavenice wameondoka zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, wala hakuna mwanakijiji wa Krete anayezungumza lugha yao leo. Lakini Mary Baltazani na wenzake walipolinganisha sauti, walikuta viimbo vya Krete vina ukoo na vya Venice, na viko tofauti na vya Athens. Watafiti haohao wamewasikiliza Wagiriki wa Asia Ndogo, waliohamishwa kutoka Uturuki katika kubadilishana watu mwaka 1923, wakasikia maswali yao ya ndiyo au hapana yakifuata umbo la Kituruki. Watu walihamishwa, dola zikabadilika, wimbo ukabaki. Baada ya hayo, kumwambia kijana wa Mtwara kwamba ataacha lafudhi yake kwa semesta mbili za Mlimani ni kuombea mvua wakati wa kiangazi.

Tena kubaki siyo hadithi yote. Robin Queen aliwasikiliza watoto wa Kituruki waliokulia Ujerumani, na mwaka 2001 akaandika kwamba watoto hao walikuwa na aina mbili za kupandisha sauti mwishoni mwa kipande cha usemi, moja ya Kijerumani na nyingine ya Kituruki, nao walizitumia zote mbili katika lugha zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Kumbe hawakuwa wamechanganyikiwa. Walikuwa na zana mbili mahali ambapo jirani zao wa lugha moja walikuwa na moja.

Nikilisoma hilo namkumbuka mpwa wangu akiwa likizo. Anaulizia chumvi dukani kwa sauti fupi ya Dar: "Chumvi ipo?" Dakika hiyohiyo anamgeukia mama muuzaji aliyemlea, sauti inavutika: "Na wewe mama, umeamkaaje?" Ya kwanza inataka jibu na chenji. Ya pili inataka mtu akae chini. Sijapima hertzi zake, na sikio la mjomba si kipimo cha maabara, ila ningeshangaa sana kama hilo ni bahati nasibu.

Upande wa pili wa mto huwa hausemwi. Tunalia kwamba Kimakonde kinakiharibu Kiswahili, na huku Kiswahili kinaitafuna sauti ya Kimakonde polepole. Ineke Mennen aliwapima Waholanzi watano waliokimudu Kigiriki vizuri sana. Ilitarajiwa Kiholanzi kiingie kwenye Kigiriki chao, nacho kikaingia. Ajabu ni kwamba wanne kati ya watano walikuwa wamebadilika hata katika lugha yao ya mama; Kigiriki kilirudi nyumbani nao. Mmoja tu alizimudu zote mbili kama mzawa. Utafiti huo ulitoka 2004. Nenda Newala leo umsikilize bibi wa miaka themanini na mjukuu wake wa ishirini wakisema sentensi moja ya Kimakonde. Bibi hamlaumu mjukuu kwa maneno, maneno anayo. Anachosema ni kwamba mjukuu "anasoma". Maana yake sauti imenyooka, toni zimelala, kama mtu anayesoma tangazo la serikali ya kijiji.

Ni wapi lugha hizi zilikutana? Watu hudhani ni shuleni, baada ya uhuru. Shule zilichangia sana, na vijiji vya ujamaa vya miaka ya sabini vilikusanya Wamakonde, Wayao na Wamakua kwenye kisima kimoja. Lakini Mikindani ni mji wa Waswahili wa zamani sana, na pwani yote kuanzia Kilwa kushuka kusini ina lahaja yake, Kimgao. Watu wa uwandani, kule ambako maji ni ya shida, wamekuwa wakishuka kwa pwani kwa karne nyingi, wengine kwa biashara, wengine kwa minyororo. Mtwara yenyewe ni ya juzi. Imechipuka na ule mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, uliokufa na kutuachia bandari. Kwa hiyo hakuna siku ambapo Kiswahili "safi" kilifika hapa na kukutwa na uchafu. Waswahili wa Mikindani walikuwa wakiwasikiliza Wamakonde kabla Dar es Salaam haijawa mji.

Na kisha tukafungiwa. Wenye umri wangu wanakumbuka kivuko cha Ndundu kwenye Rufiji, na masika ambayo basi lililala njiani mpaka abiria wakajuana ukoo. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Hapo ungetegemea kiimbo cha Dar kije na basi la usiku. Mpwa wangu kazaliwa daraja lipo, kakua na runinga ndani, bado neno moja kwenye simu lilitosha kumtaja kwao. Barabara ya lami inaleta maneno upesi. Misimu ya Dar inafika Mtwara kabla ya magazeti. Kiimbo hakiletwi na basi, kwa sababu mtu hukipata kabla hajajua kuongea, mgongoni mwa bibi, wakati maneno bado ni kelele na wimbo ndio pekee unaosikika.

Kuna jambo ambalo ningependa vyuo vyetu vilifanye, na si ghali. Wamakonde wamegawanyika na mipaka kwa namna ambayo mtafiti asingeweza kuipanga. Wa huku wanaishi na Kiswahili cha Tanzania. Wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, wanaishi na Kireno. Wa Kwale, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa na kutambuliwa rasmi kama kabila la 43 la Kenya ilipofika 2017, wanaishi na Kiswahili cha pwani ya Kenya na lugha za Wamijikenda. Mwulize kila mmoja swali lilelile kwa Kimakonde, kisha kwa lugha ya pili, ingiza sauti kwenye Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink huko Amsterdam, na utauona mstari wa sauti ukipanda na kushuka kama wimbi la Msimbati. Kama Wamakonde wa Kireno na wa Kiswahili wametengana, tutajua mgusano umefanya nini. Kama hawajatengana, nitayala maneno yangu mengi ya hapo juu.

Tatizo ni kurekodi. Ukimwekea mtu kinasa sauti mbele, anaacha kuongea na kuanza kutangaza. Mwaka jana nilijaribu kwa mama yangu mkubwa kijijini, anabangua korosho kwenye jamvi. Nikaficha simu nyuma ya ungo, nikampa stori za msimu na bei ya mnada ulopita. Aliiona. Kuanzia hapo nikapata nusu saa ya sauti ya taarifa ya habari, kila sentensi imenyooshwa kwa pasi. Swali moja tu la kweli limo kwenye rekodi yote, sekunde ya nne, kabla hajaweka jiwe chini: "Mwanangu, hicho kinawaaka?"